Nukta za Piko

"Hii yako?" aliniuliza Bi Salhiya, akanikunjulia kiganja.

Kiganja kilikuwa kimekauka kwa chumvi, na katikati yake palilala kitu ambacho mtu wa mbio kama mimi angekipuliza kikaenda zake: kipande cha gamba la mjusi, chembamba hata ukiona mistari ya mkono kwa chini yake. Na juu ya gamba, nukta moja nyeusi. Piko. Piko, rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, naijua, nimezaliwa ndani ya harufu yake.

Nilikuwa nimekaa barazani kwake, Jambiani, daftari mapajani. Dakika tano nyuma nilikuwa nimeandika "mia sita", nikaipigia mistari miwili chini yake, nikacheka peke yangu kwa furaha. Sasa naitazama ile nukta. Mjusi amejivua gamba. Amekwenda zake hana alama, na alama yangu imebaki hapa kwenye kiganja cha mtu.

"Si kitu, Bi," nikamwambia. "Tupa tu."

Alinitazama kidogo. Akafumba kiganja, akarudi mwambani kuanua mwani wake.

Watu husema njia ya mwongo fupi. Mimi yangu ilinichukua miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakuna siku ambayo sikuitembea.

Kutembea, kwa kweli, ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Mama yangu, Shemsa, ni mpiga piko wa Jang'ombe. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu anayetoka bila ya kupita mkononi mwake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinibana kwa goti ili nitulie nimshikie kibakuli. "Kaa, mtoto we! Kiguu na njia gani huyu!" Nikikaa, kufumba na kufumbua nshafika uwani. Nikiitwa uwani, nshatoka mlango wa mbele. Nilipofika chuo nikachagua elimu ya viumbe kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: nilisikia haisomwi ndani.

Mwalimu wangu alikuwa Dokta Abdulrazak, mtu mrefu, mpole, asiyetoa neno mpaka alipime. Yeye ndiye aliyenipa mjusi wangu. Kusini ya Jambiani, pale mchanga unapokwisha na mwamba kuanza, palikuwa na watu wanaotaka kujenga hoteli. Walitaka kuukata ule mwamba, watie ngazi na sakafu ya mbao ili wageni wao washukie baharini. Kabla ya ruhusa kutoka, ilibidi ijulikane nani anaishi pale. Hesabu yangu ingeingia kwenye ripoti, na hesabu hiyohiyo ingekuwa ndiyo kazi yangu ya shahada.

"Mijusi?" Mama alishika kiuno. "Wenzio wanasomea udaktari, wewe mijusi? Mjusi kafiri mtu humpiga dharba moja akapata thawabu, wewe unakwenda kumpa idadi!"

Lakini yule si mjusi wa ukutani. Yule ni mtu mwengine kabisa.

Ule mwamba ni jangwa, nawaambieni, jangwa lililozungukwa na maji. Hauna udongo, hauna kivuli, hauna tone la maji matamu. Una ncha zinazochana viatu na jua linalokupiga juu na kukupiga tena kutoka chini. Kitu gani kitakaa hapo? Yeye anakaa. Mwembamba, mkia na vyote havipiti kiganja, rangi yake shaba iliyoingia moshi, na michirizi miwili hafifu ubavuni. Maji yakitoka, naye huyo nyuma yake, anashuka mpaka kwenye unyevu kutafuta vidudu na vikamba vidogo. Maji yakirudi, anapanda hatua kwa hatua, mbele kidogo tu ya povu. Wimbi likimuwahi hujibana kwenye tundu la jiwe. Likipita, anatoka anang'ara. Na jicho lake halina kope. Halifumbi wala halipepesi. Unaweza kumtazama asubuhi kutwa na yeye anakutazama vilevile, na wa kwanza kuchoka utakuwa wewe.

"Huyu si kafiri," Bi Salhiya aliniambia siku ya kwanza. "Huyu kila maji yakijaa anatawadha."

Nilipanga kwake. Alikuwa mjane, amekaribia sitini, mkulima wa mwani tangu wanawake wa pwani ile walipoanza kulima mwani, na ule mwamba ulikuwa ndiyo sehemu yake ya kuanikia. Mchangani mwani hukauka polepole na huingia mchanga. Mwambani hukauka upesi na hutoka safi. Nzi na vidudu waliufuata mwani, na mijusi wakawafuata nzi. Niliwaona kwa macho yangu wakipita baina ya vidole vya miguu yake, wala hawamkimbii. Walikuwa majirani wanaofaana, na wote wawili, yeye na wao, hawakuwa na pengine pa kwenda.

"Na wakiwa wengi," aliniuliza, "mwamba wetu utaachwa?"

"Utaachwa, Bi. Kwa nini usiachwe?"

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe. Kwa akili yangu ya Jang'ombe, penye wengi ndipo penye nguvu.

Kumkamata mjusi yule hakutaki mbio, na hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Siku mbili za mwanzo nilirukaruka mwambani kama mwendawazimu, nikachubuka magoti yote mawili, nisipate hata mkia. Bi Salhiya alikuwa akinitazama huku anageuza mwani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mwisho akaja, akachukua chelewa moja ndefu ya mnazi, akafunga kwenye ncha yake kitanzi cha uzi wa cherehani.

"Kaa," akasema. "Kaa kama jiwe. Yeye hamjui mtu, anajua kinachotikisika."

Nikakaa. Miguu ikaniwasha, shingo ikaniwasha, nikatamani kupiga kelele. Kisha mjusi akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya ncha ya chelewa, nikamvisha kitanzi shingoni na kumwinua. Alikuwa mwepesi hata sikuamini kama nna kitu. Kwa siku tano nilikamata sitini, na kila mmoja nikamtia nukta ya piko mgongoni, baina ya mabega, nikamwachia pale pale nilipomtoa.

Dokta alikuwa amenipa rangi ya kucha kwa kazi ile. Niliijaribu, chumvi na mawe vikaibandua kwa siku moja. Ndipo nikampigia Mama simu aniletee piko, na nikajiona hodari, mtoto wa fundi. Mama alitaka kujua ya nini, nami nikamweleza kwa lugha yake. Chukua karamu ya harusi, nikamwambia, usiyojua ina watu wangapi. Wapake piko wageni sitini, kisha waache wachanganyike. Baadaye rudi, shika mikono ya wageni sitini wowote. Ukikuta sita kati yao wana piko, ujue wenye piko ni mmoja katika kila kumi, basi karamu nzima ina watu mia sita.

Mama akafikiri. "Na piko ikitoka je?"

"Itoke wapi, Mama, na ilivyo kali?"

"Piko haikai milele, mwanangu. Ngozi ikibadilika, nayo huenda zake."

Mwanamke ambaye hajawahi kuingia chuo, hajawahi kumtazama mjusi ila kwa fagio mkononi, alinipa kwenye simu somo zima. Dokta naye alikuwa ameshaniambia kwa njia yake: urudi siku ya tatu, Yusra, ukichelewa hesabu si hesabu. Maneno ya wote wawili yaliingia sikio hili yakatokea lile. Maana mwezi ulikuwa Shaabani, na anayeijua Jang'ombe anaijua Shaabani: kila mwenye mchumba anataka kuoa kabla ya mfungo. Binti ya mama mdogo, Bashira, alikuwa anaolewa, na Mama ana mikono miwili tu. "Njoo siku mbili unisaidie," akasema. Na mimi nilikuwa nshachoka kukaa kama jiwe.

Siku mbili zikawa kumi na sita. Baada ya Bashira kukawa na jirani, baada ya jirani shoga yake jirani. Nilikwenda nyumba hadi nyumba nikichora maua kwenye viganja na vifundo vya miguu, nikicheka, nikila biriani, nikilala popote, na kila nikiukumbuka mwamba nilijiambia kesho. Nasema kweli, nilifurahi. Sijapata kufurahi vile tena.

Nilipofika Jambiani nilikamata sitini wengine. Mkono ulikuwa umeshazoea, siku tatu zikatosha. Kati yao, wenye nukta walikuwa sita. Ndiyo nikaandika mia sita, na ndipo Bi Salhiya alipokuja na kiganja chake.

Nataka nilieleze hili bila ya kujipamba. Sikuwa mjinga. Nilipoliona lile gamba nilielewa pale pale, kama anavyoelewa mtu aliyesahau chungu motoni akasikia harufu. Wale wasiokuwa na alama hawakuwa wapya; wengi wao ni wale wale, wamejivua. Hesabu yangu ilikuwa ya karamu ambayo nusu ya wageni wameshanawa mikono. Ningeweza kuanza upya. Ningeweza kumpigia simu Dokta. Lakini ningesema nini? Nilikuwa wapi siku ya tatu? Nilikuwa harusini. Na juu ya aibu nikaweka kitambaa kizuri: mia sita ni bora kwa Bi Salhiya, nikajiambia. Mia sita italinda mwamba. Namdanganyia yeye. Uongo ukishapata sababu njema hulala usingizi mzuri, na wangu siku ile ulilala.

Jioni ile ile nikampelekea Dokta hesabu. "Hongera sana," akaniandikia. Nikalisoma neno lile mara nyingi.

Mkutano ulifanywa baada ya Idd, ndani ya skuli ya kijiji. Sheha Khatib alikaa mbele, pembeni yake bwana mmoja wa kutoka mjini, afisa anayetoa ruhusa za kujenga, ana miwani na faili la kijani. Dokta Abdulrazak alikuwa mstari wa kwanza, kanzu imepigwa pasi, na aliponiona alinionyesha kiti cha karibu yake. Wanawake wa mwani walikaa kwenye mkeka ukutani. Bi Salhiya alikuwa amevaa kanga mpya.

Yule bwana akasoma. Alisoma mimea, akasoma ndege, kisha akafika kwa mjusi wangu, akatua, akavua miwani.

"Mia sita," akasema. "Kwenye mwamba mmoja! Hawa, jamaa, si wa kulindwa. Hawa ni wa kupunguzwa."

Watu wakacheka. Hata mimi uso wangu ulicheka, wenyewe. Akaendelea: lau mjusi angekuwa haba, mchoro wa ngazi ungesogezwa na mwamba ungeachwa, lakini kwa wingi huu hakuna hofu, watahamia mawe mengine. Akafunga ukurasa.

Kumbe mizani nilikuwa nimeishika upande usio wake. Uchache ndio uliokuwa na nguvu, na uchache ulikuwa ndio ukweli, na ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu chumba kizima.

"Kuna mwenye neno?" akauliza Sheha Khatib.

Bi Salhiya akageuka kunitazama. Hakuwa na jicho la kulaumu. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayejua kwamba msomi wake sasa atasimama. Na mimi, kiguu na njia, mimi ambaye mama yangu alinibana kwa goti nisikimbie, siku ile moja nilitulia. Dokta alikuwa bega kwa bega nami. Harufu ya udi ya kanzu yake naikumbuka. Nikajiambia nitamwambia tukitoka. Tulipotoka nikajiambia tukifika mjini. Tulipofika mjini nikajiambia nikishapata shahada.

Shahada nikapata, na kwa ajili ya shahada nikapata kazi, katika ofisi moja ya Mji Mkongwe inayopokea ripoti za mazingira. Nyumba ya zamani, kuta nene za mawe ya bahari. Mara nyingine chokaa ikibanduka unaona ndani ya ukuta umbo la tumbawe, nami huondoa macho. Wenzangu wakanizoea: Yusra hakai kitini. Nikiandika barua, nanyanyuka mara saba. Nachukua faili ghorofa ya juu ambalo hakuna aliyelitaka. Saa ya mapumziko natoka kupitia Darajani, nauliza bei ya vitu nisivyonunua, narudi kwa njia ya Forodhani. Jioni nikifika nyumbani Mama husema, "Umekula?" nami nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Jambiani sikuwahi kurudi. Nilisikia tu kwamba ngazi zimetiwa, na kwamba Bi Salhiya amehamishia mwani wake kwenye mwamba mdogo wa mbele.

Kisha mwaka huu, asubuhi ya Jumatatu, ikaletwa mezani kwangu ripoti mpya. Hoteli imepanuka, inataka na mwamba mdogo. Nikafungua ukurasa wa viumbe. Safari hii hawakumpeleka mtu kuhesabu. Waliandika kwamba, kwa mujibu wa utafiti uliokwisha kufanywa, mjusi huyu yuko kwa wingi mkubwa katika pwani ile, na chini yake wakaweka jina langu. Jina langu kamili, na la baba.

Nilikaa. Wenzangu watakuambieni, nilikaa kwenye kiti kile mpaka adhana ya adhuhuri bila ya kunyanyuka. Uongo wangu mimi nilidhani umefanya kazi yake ukafa. Kumbe umejifunza kutembea.

Siku ya pili nilikuwa nabisha hodi Jambiani.

"Karibu," akasema Bi Salhiya kutoka uwani, na aliponiona akajifuta mikono.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

"Bi, nimekuja kusema jambo, nikikaa sitalisema." Nikalisema nimesimama, lote, kuanzia Shaabani na biriani mpaka kanzu ya Dokta. Nikamwambia mwamba wake niliupoteza mimi. Sikulia; nilikuwa nimejiapiza nisilie, ili asije akaacha kukasirika akaanza kunibembeleza.

Hakunibembeleza. Aliuangalia mkeka.

"Siku ile nilijua kuna kitu," akasema mwisho. "Ulikaa kimya. Wewe hukai kimya."

"Nisamehe, Bi."

"Msamaha baadaye. Ngoja."

Akaingia chumbani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na kopo la maziwa ya unga, kutu imeanza kwenye mfuniko, akaliweka barazani baina yetu.

"Siku ulizokuwa harusini," akasema, "nilikuwa nayaona kwenye mwani. Mwani mkavu unakwaruza, wakijisugua humo huacha magamba, na mimi mwani wangu napekua uzi kwa uzi, takataka haziingii guniani. Nikaona hili lina alama. Na hili lina alama. Nikasema, kitu chenye alama kina mwenyewe. Hii ni mali ya Yusra, akirudi atayataka. Uliporudi nikakuletea moja, nione. Ukaniambia nitupe."

"Na hukutupa."

"Mali ya mtu haitupwi, mwanangu. Hata mwenyewe akisema, pengine hajui anachokisema."

Nikafungua kopo. Ndani mlikuwa na vitambaa vya kanga vilivyokatwa vidogo vidogo, kimoja juu ya chenzake, na baina ya kila viwili yamelazwa magamba, mepesi, yanang'ara, kila kipande na nukta yake nyeusi. Miaka mitatu. Alihama mwamba, akahamisha kamba na vigingi, na kopo langu akalihifadhi sandukuni pamoja na sanda yake. Hapo nililia, kiapo na vyote.

Arobaini na matatu. Tuliyahesabu pamoja, kisha nikatafuta kalamu. Katika sitini niliowatia alama, arobaini na watatu walikuwa wameshajivua kabla sijarudi. Alama zilizobakia mwambani hazikuzidi kumi na saba. Mia sita ikashuka hadi mia na sabini, na pengine chini ya hapo, maana si kila gamba lilikamatwa na mwani wake.

Nikamwandikia Dokta Abdulrazak kabla usiku haujanikuta na uoga wangu. Nilimwandikia kila kitu. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: "Unajua hii itakugharimu nini?" Nikamjibu kwamba nnajua. Uongo wa mwisho huo, nilikuwa sijui.

Mkutano wa mara hii ulikuwa katika chumba kile kile. Sheha Khatib amezeeka kidogo, faili la kijani limekuwa nene zaidi, yule bwana ana miwani mipya. Dokta hakuja. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, kopo mapajani. Mjusi alisomwa upesi upesi, mstari mmoja, na jina langu likasomwa pamoja naye.

"Kuna mwenye neno?"

Mficha uchi hazai. Nikasimama.

"Mimi ndiye Yusra uliyemsoma," nikasema. "Ile mia sita ni yangu, na si kweli."

Yule bwana akanitazama juu ya miwani, akaniuliza, kwa upole unaokera, kama nna ushahidi au nna maneno tu. Nikaenda mbele mpaka kwenye meza ya mwalimu. Nikataka kufungua kopo, kisha nikatazama juu.

"Naomba pangaboi lizimwe."

"Bibi, joto hili?"

"Ushahidi wangu utaruka."

Wakacheka, lakini Sheha akaashiria, na pangaboi likapunguza, likapunguza, likasimama. Joto likatushukia kama blanketi. Nikaondoa kitambaa cha kwanza. Nikalichukua gamba kwa ncha ya chelewa niliyokuja nayo, nikaliweka mezani. Moja. Huwezi kufanya kazi ile kwa haraka. Ukipumua vibaya linakwenda. La pili. La tatu. Jasho lilinitiririka mpaka machoni, na sikulifuta. Kufikia la kumi hakuna aliyekuwa akicheka. Kufikia la ishirini wanawake wa kwenye mkeka walikuwa wakihesabu kwa sauti pamoja nami, na mzee mmoja dirishani akaziba pua na mdomo kwa kofia yake asije akapiga chafya. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba sikutaka kuwa mahali pengine popote.

"Arobaini na tatu," wakasema wanawake.

Nikaeleza kila nukta ilikuwa nini, na mimi nilikuwa wapi zilipokuwa zikidondoka. Yule bwana alikuja akainama juu ya meza, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Alitazama sana. Akarudi kwenye kiti, akaandika, akafunga faili.

"Mwamba hautaguswa mpaka wahesabiwe upya," akasema. Kisha akaniangalia. "Na atakayehesabu hatakuwa wewe. Na ofisini kwenu nitapeleka barua."

"Naam," nikasema.

Nikayakusanya magamba, moja moja, kitambaa juu ya kitambaa. Nikamrudishia Bi Salhiya kopo lake. Akalipokea, akalitia chini ya kanga, akasogea akaniachia nafasi kwenye mkeka, akaupigapiga kwa kiganja.

"Sasa kaa," akasema.

Nikakaa. Mtu akawasha pangaboi.